Nyaya Zimefika Ufuoni, Video Bado Inazunguka

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipanda ufuo wa Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti kwa intaneti yake. EASSy ikafuata 2010, LION2 mwaka 2012, PEACE mwaka 2022. Sehemu kubwa ya video zinazotazamwa Nairobi na hata nchi jirani hupita kwanza chini ya mchanga wetu. Na bado kijana aliyekaa barazani Kibokoni, kabla hajafungua video, huangalia bando limebaki kiasi gani.

Mazungumzo ya video mjini humu yameelemea mno kwenye kamera: nani ana 4K, nani ana droni, nani kaleta lenzi mpya kutoka Dubai. Kwa maoni yangu kamera ilishaacha kuwa tatizo. Simu ya kawaida leo inapiga picha safi kuliko kamera za arusi za miaka ishirini iliyopita. Anayeamua mtazamaji ataona nini ni msururu unaoanza pale kamera inapozimwa: kodeki (mtindo wa kubana na kufungua video), mnara, bando, na kioo cha inchi sita chenye mikwaruzo. Fundi asiyeujua msururu huo anamwaga pesa pasipo na faida.

Tuanze na hesabu, maana wengi huikwepa. Kasi ya video hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, bando huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 7.5 kila dakika, yaani 450 kwa saa. Ya 720, yaani yenye mistari 720 ya picha, kwa megabiti 2.5 inapita gigabaiti 1.1 kwa saa. Ya 1080 kwa megabiti 5 inafika gigabaiti 2.25. Mwenye bando la gigabaiti moja la siku hawezi kutazama arusi yako ya saa mbili kwa 1080, hata uwe umeipiga kwa kamera ya sinema. Ataitazama kwa 360, kama megabaiti 270 kwa saa, na kwa macho yake hiyo ndiyo kazi yako.

YouTube, Facebook na wenzao hawatumi faili moja. Video hukatwa vipande vya sekunde 2 hadi 10, kila kipande kikatengenezwa mara kadhaa kwa ubora tofauti, na simu ya mtazamaji huchagua kipande kijacho kwa kupima kasi ya kile kilichotangulia. Apple ilitoa mfumo wake wa namna hii, HLS, mwaka 2009. DASH, ya kamati ya viwango vya video ya MPEG, ikaja 2012. Ndiyo sababu picha huanza na ukungu ikasafika baada ya sekunde chache, au huchafuka ghafla matatu inapoingia eneo lenye mnara ulioelemewa. Kwa hiyo video yako ina sura tano au sita, na mara nyingi wewe mwenyewe huioni ile wanayoiona watu, kwa sababu unaikagua kwenye kompyuta ya kuhariria. Herufi za urefu wa pikseli (nukta za picha) 30 kwenye 1080 zinabaki pikseli 10 kwenye 360. Jina la mgeni halisomeki tena. Kabla ya kukabidhi kazi, ifungue kwa 360 kwenye simu ya bei nafuu, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Ikieleweka hapo, itaeleweka popote.

Sasa tuje kwenye bahari, adui mkubwa wa video za Mombasa asiyetajwa. Kodeki hufanya kazi kwa kukumbuka. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazopita kila sekunde, huhifadhiwa nzima, kisha katika zinazofuata huandikwa mabadiliko tu: nini kimesogea, kimeelekea wapi. H.264, ambayo bado inabeba sehemu kubwa ya video duniani, hugawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16 na kutafuta kila mraba umehamia wapi. Mtu aliyekaa mbele ya ukuta hugharimu biti chache, kwa kuwa ukuta hauendi popote. Bahari haitulii. Kila kiwimbi kinachometa juani ni kitu kipya ambacho hakikuwepo kwenye fremu iliyopita, na kodeki haina pa kukinukuu. Biti ni zile zile, na mawimbi huzila nyingi. Ndipo unapoona mahojiano yaliyopigwa Mama Ngina Waterfront, mgeni kaipa bahari mgongo, na uso wake umekuwa miraba inayorukaruka kila anapotikisa kichwa. Fundi hulaumu mtandao. Mtandao hauna kosa. Mandhari ndiyo iliyokula uso.

Makuti na minazi inayopigwa na upepo hufanya vivyo hivyo. Vimetameta kwenye jukwaa la bibi arusi, maputo, moshi wa mashine, karatasi za rangi zinazorushwa, na zile chenga zinazotokea kamera inapoongeza ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) gizani, vyote ni mizigo kwa kodeki. Chenga ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinabadilika kila fremu, picha nzima.

Tiba si ngumu. Sogeza kamera nyuma, tumia lenzi ndefu na uwazi mkubwa ili bahari igeuke rangi tupu badala ya vimeto elfu. Au mgeuze mgeni: mweke kivulini dhidi ya ukuta wa Ngome ya Yesu, ambao umesimama pale tangu mwishoni mwa karne ya 16 na hautikisiki. Usiku ongeza taa kabla ya kuongeza ISO. Ukimaliza kuhariri, safisha chenga ndipo utoe faili. Na ukipakia, usibane mno ukidhani unaokoa bando lako: YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080 ya fremu 30, kisha yenyewe hubana upya. Ukiwapa kilichokwisha kubanwa hadi megabiti 2, watabana makosa yako pamoja na picha.

Hapo ndipo WhatsApp inapotuponza. Video ya tukio hupigwa, hutumwa kwenye kundi, mtu akaipakua akaiweka Facebook, mwingine akaishusha akaituma tena, na kila hatua imebana upya. Ifikapo kwa mwenye blogu ya habari ni chai ya majani yaliyochemshwa mara ya nne. Anayetaka ubora aitume kama dokumenti, si kama video: tangu 2022 WhatsApp inaruhusu faili hadi gigabaiti 2 kwa njia hiyo, na haigusi hata pikseli moja.

Kodeki mpya zipo. HEVC ya 2013 hubeba ubora ule ule kwa takribani nusu ya biti za H.264, na AV1 ya 2018 inakwenda mbele zaidi. Kwa mji unaohesabu megabaiti hii ni neema, ila ina bei. Simu isiyo na chipu ya kufungua AV1 huifungua kwa kichakataji chake kikuu, ikapata moto na betri ikashuka mbio. Kuhusu HEVC, iPhone zimekuwa zikirekodi kwa mtindo huo tangu 2017, na kompyuta nyingi za Windows huhitaji kiongezo cha kununua ili zifungue. Yale malalamiko ya mteja kwamba "sauti naisikia, picha siioni" aghalabu chanzo chake ni hicho. Ukikabidhi kwa flashi, kabidhi H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4, hata kama ulipiga kwa kitu cha kisasa zaidi. Nakala kubwa ibaki kwako.

Kurusha mubashara ni habari nyingine, kwa sababu hapo anayeteseka ni anayepandisha, si anayeshusha. Jamaa walioko Uarabuni wanataka kuona nikahi, msikiti unataka kurusha hutuba, mwanasiasa anataka mkutano wake uonekane. Kosa la kwanza ni kupima mtandao asubuhi uwanja ukiwa mtupu. Mnara unagawiwa waliopo; watu elfu wakiingia na simu zao, na nusu yao nao wanapandisha video, ile kasi uliyoiona asubuhi imekwisha. Pima saa ya shughuli, pima kupandisha na si kushusha, kisha tumia nusu tu ya ulichokipata. Ukipata megabiti 6, rusha 720 kwa megabiti 3. Anayelazimisha 1080 hapo atakuwa na picha nzuri inayokatika, na hakuna mtazamaji anayesamehe kukatika.

Ndani ya OBS, programu ya bure inayotumiwa na wengi, kuna mipangilio miwili inayopuuzwa. Weka kasi ya biti isiyobadilika, na fremu kamili kila sekunde 2. YouTube haitaki zaidi ya 4. Ukiiacha programu ijiamulie, yaweza kukaa fremu 250 bila fremu kamili, sawa na sekunde 10 kwa fremu 25, na mtazamaji anayeingia katikati husubiri tu. Kuhusu njia ya kusafirishia, RTMP ni kongwe na hukubalika kila mahali, lakini hupita juu ya TCP: kifurushi kikipotea vingine vyote husubiri, ucheleweshaji ukajikusanya hadi fremu zikaanza kutupwa. SRT, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, hutumia UDP na huomba tu vilivyopotea ndani ya muda uliouweka, kwa hiyo huvumilia zaidi mtandao wa simu. Hasara yake ni kwamba si majukwaa yote yanaipokea moja kwa moja.

Beba laini za kampuni mbili. Ukumbi wenye faiba, chomeka waya kwenye ruta, usitegemee Wi-Fi inayogombewa na wageni, na ruta iwe kwenye betri maana umeme haubishi hodi ukiondoka. Rekodi kwenye kadi wakati unarusha, siku zote. Na hata ukijipanga hivi, kuna yasiyo mikononi mwako: Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS hapa hapa Mombasa, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo video maarufu huendelea kutazamika kwa kuwa nakala zake huwekwa kwenye seva za humu nchini. Matangazo yako mubashara hayana nakala popote.

Mwanga wetu nao una ukaidi wake. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu huja na fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, ndiyo maana mistari ya giza hutambaa kwenye video za kumbini. Weka fremu 25 na shata 1/50, au 1/100 mwanga ukizidi. Taa za LED za bei rahisi zilizofifizwa zitapepesa vyovyote vile. Hizo ziwashe hadi mwisho au uzizime. Na kwa kuwa hapa kanzu nyeupe na buibui jeusi husimama fremu moja saa sita mchana, usiiachie simu ikadirie mwanga. Itapatanisha pande mbili, kanzu ikawa karatasi tupu na buibui likawa shimo. Funga mwanga kwa kufuata kanzu, kisha inua vivuli wakati wa kuhariri. Weupe uliokwisha kuungua haurudi, weusi bado una cha kuokoa.

Kinasa sauti kivishwe manyoya, si sponji tu, hasa Kusi inapovuma kuanzia Aprili. Na ukitoka chumba chenye AC kwenda nje, acha kamera ndani ya mfuko wake uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo lenzi inatoka jasho.

Kuna mafundi wanaodhani video ya wima hukatwa tu kutoka ile ya mlalo. Chukua fremu ya 1920 kwa 1080, kata umbo la 9 kwa 16: unabaki na upana wa pikseli 607. TikTok inataka 1080. Kwa kazi hiyo, na karibu hiyo tu, 4K ina maana, kwa sababu ukikata hapo unapata 1215 kwa 2160.

Akili unde ndiyo inayotangazwa sana, na sehemu ambayo ingetufaa zaidi ndiyo inayotumiwa vibaya. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Kisauni hadi Likoni, bado zina kanda za VHS za arusi na taarabu za miaka ya themanini na tisini. Unyevu wa pwani unazila. Funai, mtengenezaji wa mwisho wa mashine za VHS, aliacha kuziunda Julai 2016, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo. Sasa wanatokea wanaochukua kanda, wakainasa ovyo ovyo, kisha wakaipitisha kwenye programu ya kukuza picha ili "iwe 4K". Kanda ya VHS ina maelezo kama ya mistari 240 ya upana. Uso wa bibi aliyekaa nyuma ya ukumbi ni pikseli kumi na kitu. Programu haina mahali pa kuutoa uso wake. Inabuni mwingine, wenye meno yaliyopangika na ngozi laini, na familia inapokea mgeni badala ya nyanya yao.

Kazi ya kweli iko kabla ya hapo. Tazama kanda kupitia kidirisha: ukiona vumbi jeupe kwenye kingo, ni kuvu, usiitie mashine maana itapanda kwenye vichwa vya mashine vinavyosoma kanda na kuambukiza kanda nyingine. Isafishwe kwanza, kwa mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kanda safi ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza, na vichwa uvifute kwa alkoholi ya isopropili. Kifaa cha kunasia kiwekwe PAL (mfumo wa televisheni uliotumika hapa), 720 kwa 576, fremu 25. Vile vidogo vya bei nafuu mara nyingi huja vikiwa NTSC (mfumo wa Marekani), ndipo picha hutoka nyeusi na nyeupe au inapanda juu isisimame. Nasa kwa megabiti 8 kwa sekunde au zaidi: kanda ya saa tatu itakuwa kama gigabaiti 10.8. Kila fremu ya PAL ni nusu mbili zilizosokotana, kwa hiyo zitenganishe upate picha 50 kwa sekunde, mwendo wa ngoma ubaki laini. Faili hilo la kwanza lisiguswe. Baada ya hapo, anayetaka kucheza na akili unde acheze na nakala.

Manukuu ya mashine yamepiga hatua. Mifumo kama Whisper, iliyotolewa 2022, inaweza kuandika Kiswahili sanifu na kukupunguzia kazi ya kuchapa. Mzee akianza Kimvita mashine inapotea: akiita "ndoo", yaani njoo, inaandika ndoo ya maji. Manukuu ya mashine ni rasimu, yapitiwe na mwenye kuijua lahaja. Sauti za kughushi ni tatizo zito zaidi, na kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 zitalileta mlangoni. Tangu Machi 2024 YouTube inamtaka mwenye chaneli atangaze akitumia video ya kubuni inayofanana na kweli, lakini klipu za hapa huenea kwa WhatsApp, ambako hakuna sharti kama hilo. Mhariri wa habari aombe faili asili kutoka kwa aliyepiga, si klipu iliyosambazwa, na amuulize kipande kirefu zaidi cha kabla na baada. Aliyekuwepo huwa nacho.

Jambo moja la hapa kwetu halizingatiwi na waundaji wa programu hizi. Usiku wa kupamba hupigwa na wanawake, kwa ajili ya wanawake. Zamani kanda ilikuwa moja na mwenyewe aliifungia kabatini. Leo simu ya mpiga video hupandisha kila kitu kwenye wingu yenyewe, na kompyuta ya ofisi hutumiwa na vijana watatu. Anayepokea kazi hiyo azime upakiaji wa wingu kabla ya kuanza, arekodi kwenye kadi iliyowekwa alama, ahariri kwenye diski yenye nywila, na mkataba useme faili litafutwa lini. Hili si la adabu peke yake: Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 sura ya mtu ni data yake. Fundi wa kike anayejulikana kwa nidhamu hii ana haki ya kutoza zaidi.

Kuhusu pesa za mtandaoni, wengi wanahesabu vibaya. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Video ndefu hukuachia asilimia 55, fupi asilimia 45, na hulipwi hadi ufike dola 100. Mapato yako yatokanayo na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya huko hadi asilimia 30 kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Usipojaza fomu, wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako yote, ya dunia nzima. Jaza fomu. Kampuni ya humu nchini ikikulipa kwa maudhui ya dijitali, tangu Julai 2023 inakata asilimia 5.

Ukiweka hesabu hizo kando ya gharama ya bando la kupandishia, chaneli ya fundi wa kawaida wa Mombasa ni ubao wa matangazo tu. Mapato yake yatatoka kwenye arusi, hoteli, misikiti na makanisa, na sasa kwenye zile kanda za kabatini. Saa moja ya VHS iliyonaswa sawasawa ni saa moja ya mashine na dakika chache za mtu, ilhali soko lake, kwa jinsi kuvu linavyokwenda, lina miaka michache tu.